Mzee Khisa Anastaafu, Thelathini na Nane Inabaki

Leo Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Bwana Elphas Barasa Khisa anastaafu baada ya kuitumikia Taasisi ya Utafiti wa Chakula Salama hapa Ruiru kwa miaka thelathini na minne. Katika muda huo ameona wakurugenzi sita wakija na kuondoka, lango kuu likibomolewa na kujengwa mara tatu, na mabango yasiyohesabika ya "Chakula Salama kwa Wote" yakipauka juani. Yeye mwenyewe ameendelea kula viazi vitamu alivyobeba kutoka nyumbani kwake Kiganjo. Ofisi ya Mkurugenzi imeniomba niandike na niwasomee leo wasifu mfupi, wa kuchangamsha, usiogusa mambo ya unga. Mfupi na wa kuchangamsha nitajitahidi.

Mzee Khisa aliingia hapa Septemba 1991 akitokea Bungoma, akaajiriwa kwa miezi mitatu kuosha vyombo vya maabara. Aliviosha kwa bidii hadi watafiti wakalalamika kwamba alama za vipimo zinafutika. Ili kuviokoa vyombo, wakubwa walimpeleka masomo ya jioni Thika, akarudi akiwa fundi wa maabara. Tangu mwaka 2003 amekuwa mkuu wa sampuli, maana yake hakuna punje ya mahindi, njugu wala tone la maziwa lililopita mlango wetu bila kibandiko chenye mwandiko wake wa wino wa buluu. Mwandiko huo muukumbuke, tutaukuta tena mahali usipotarajiwa.

Kwa wageni wetu wa leo: kazi kubwa ya taasisi hii ni kutafuta aflatoksini, sumu inayoletwa na ukungu kwenye mahindi na njugu zisizokaushwa vizuri. Haionekani, haina ladha ya kuaminika, na ukiipika haitoki. Inakula ini taratibu. Sheria inaruhusu mikrogramu kumi kwa kila kilo, basi, hata kumi na moja ni makosa.

Sasa, kuna watu wanaochota sampuli mdomoni mwa gunia, pale ambapo mwenye mali amepanga mahindi yake ya kupendeza. Mzee Khisa hudunga bambo, kile chuma kirefu chenye ncha, mahali patano pa gunia, na pa tano ni chini kabisa penye unyevu. Husema sumu si mgeni, haiwezi kukaa sebuleni ikikusubiri. Dereva mmoja aliyelazimika kushusha magunia mia mbili ili lifikiwe lile la chini kabisa alimwita jina ambalo siwezi kuliandika hapa, kwa kuwa pasta yupo. Lile gunia la chini lilikuwa limeoza. Dereva hakuomba msamaha, na Mzee hakuungoja.

Tabia hii aliibeba hadi nyumbani, na hapo ndipo tunapomhurumia mama watoto. Desemba 2019 binti yao Becky alipoletewa mahari, wakwe walitoka upande wa Gatundu na shangwe zao zote, pamoja na magunia mawili ya mahindi na moja la njugu. Katikati ya maombi ya ufunguzi mwenye nyumba akatoweka. Mzee Gathogo, baba wa bwana harusi, alimkuta ghalani ameinama na bambo mkononi. "Haiya! Kwani mahari siku hizi inapimwa?" aliuliza. Ilipimwa. Mahindi yalipita, njugu zikapata kumi na nne. Mzee alizirudisha kwa heshima zote pamoja na cheti. Harusi ilifungwa hata hivyo, na tangu siku hiyo wakwe hao wakija kutembea huleta sabuni.

Wakati Mzee akidunga magunia, sisi wengine tulikuwa tukipigana na sumu kwenye mahoteli. Mwaka mmoja tuliandaa warsha tisa kuhusu usalama wa chakula, na kila warsha iliazimia kwa kauli moja kwamba kuna haja ya warsha nyingine. Mzee Khisa alialikwa moja tu. Alisikiliza hotuba tatu bila kupiga miayo, akachota njugu kutoka kwenye kisahani kilichokuwa mbele ya mgeni rasmi, akazitia mfukoni, na Jumatatu akatuma matokeo. Hakualikwa tena. Njugu nazo hazikuwekwa mezani tena, kwa hiyo siwezi kusema warsha hiyo haikuleta mabadiliko.

Nifike sasa kwenye habari ya mesi, jiko letu la wafanyakazi, ambayo wengi wenu mlidhani sitathubutu kuigusa. Kwa desturi, sampuli ikishapimwa, masalio yake huchomwa kwenye tanuri lililo nyuma ya stoo. Mwaka 2012 tanuri likaharibika. Iliundwa kamati ya tanuri. Kamati iliomba kamati ndogo. Magunia ya masalio yakarundikana hadi mtu mmoja mwenye huruma, ambaye bado hajajitokeza, akaona ni dhambi kutupa chakula nchi ikiwa na njaa, akayaelekeza jikoni. Bi. Muasya, mpishi wetu hodari, alipokea mahindi makavu ya bure na hakuwa na sababu ya kuuliza. Hivyo ndivyo taasisi inayoifundisha Kaunti nzima ya Kiambu namna ya kuepuka sumu ilivyoila sumu hiyo kila Jumatano, kwa maharagwe, kwa miaka minne. Nyani haoni kundule, lakini sisi tulikuwa na maabara ya kulitazamia.

Kwa miaka hiyo yote tulimcheka Mzee Khisa na viazi vyake. Tulisema mkewe hamwamini na wapishi wa Ruiru. Tulisema ni mkono wa birika. Kumbe hakuwa akijua lolote, hakuwa tu na imani na sufuria asiyoidunga mwenyewe. Kisha Jumatano moja ya Machi 2016 akasahau mfuko wake nyumbani, akapanga foleni kama sisi, akapokea githeri, yale mahindi na maharagwe ya Jumatano. Kijiko cha tatu kikamtolea kipande cha karatasi. Alikipangusa kwa leso. Kilikuwa kibandiko cha sampuli, namba 407, kwa wino wa buluu na mwandiko wake mwenyewe.

Alinyanyuka na sahani yake, akaenda maabara, akafungua daftari. Namba 407: arobaini na moja. Daktari Githae, wakati huo naibu mkurugenzi, alikuwa ameongezewa sahani ya pili. Sijawahi kuona serikali yoyote ikifanya kazi kwa kasi ile. Kabla ya chai ya saa kumi mesi ilikuwa imefungwa, masalio yametolewa, barua imetoka na sahihi mbili, na naibu mkurugenzi yuko Thika akipimwa ini. Tanuri lililoshindikana kwa miaka minne lilitengenezwa kwa siku mbili. Ini lake, tunamshukuru Mungu, lilikuwa zima, na mwaka uliofuata akawa Mkurugenzi wetu.

Weka hiyo kasi akilini, maana nimefika mahali nilipoombwa nisifike.

Tarehe 20 Mei mwaka huu, Mwalimu Wilkister wa shule moja ya chekechea huko Kiandutu aliingia hapa na unga wa uji kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kasuku. Shule yake ilikuwa imepewa msaada wa magunia kumi na moja ya unga huo, na yeye, akiuonja, aliuona una uchungu. Wengine wangemrudisha kwa sababu hakuwa na fomu. Mzee Khisa alimwandikia fomu, kisha akasafiri hadi Kiandutu na bambo lake akayadunga yote kumi na moja, mahali patano kila moja. Matokeo: thelathini na nane. Hiyo ni karibu mara nne ya kinachoruhusiwa, kwenye uji wa watoto wa miaka minne.

Cheti chetu huhitaji sahihi mbili, ya mkuu wa sampuli na ya Mkurugenzi. Mzee alitia yake tarehe 27 Mei. Daktari Githae alilitazama jedwali kwa muda mrefu. "Mzee wangu, hii namba iko juu sana," akasema. "Hebu rudia, lakini polepole." Mzee alirudia polepole. Thelathini na saba. Akaambiwa abadilishe kemikali, akapata thelathini na tisa. Akaambiwa achote sampuli itakayoliwakilisha gunia vizuri zaidi, yaani ya juu. Alichota ya juu kwa heshima ya ofisi, na ya chini kwa heshima ya kazi, akapata thelathini na nane mara mbili. Hapo akaambiwa aache, suala linashughulikiwa.

Msaada huo ulitolewa na kampuni ya kusaga unga ambayo sitaitaja. Jina lake limeandikwa kwenye mahema mliyokaa chini yake.

Kampuni yenyewe, nisiionee, imesema iko tayari kuyabadilisha magunia yote siku hiyohiyo itakapoonyeshwa cheti kilichotiwa sahihi. Sahihi ndiyo hakuna. Mwalimu Wilkister amepiga simu kila Jumatatu kwa wiki kumi na nne, na mimi nikiwa meza ya pili nimezisikia zote. "Mzee, ile unga yetu imesema aje?" Naye humjibu, "Mwalimu, kwa mdomo imesema msipike. Kwa karatasi bado." Magunia yamepangwa nyuma ya darasa na watoto huyaegemea wakisoma. Muhula mzima watoto hao sitini na wanne wamekunywa chai ya rangi. Kamati ya wazazi imechoka, na siilaumu hata kidogo. Mtoto hashibi uvumi wa maabara. Shule zilipofunguliwa Jumatatu iliyopita walimpa mwalimu wiki moja: alete cheti, ama uji upikwe. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na nina hakika hawakuwahi kufika ofisi ya Mkurugenzi, ghorofa ya pili.

Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha kwa maua ya plastiki. Githeri letu lilipata arobaini na moja, likaondolewa kabla ya chai. Uji wa Kiandutu umepata thelathini na nane, na unashughulikiwa. Tofauti ni tatu tu. Nadhani ingetosha Mkurugenzi mmoja kualikwa kikombe.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza Mzee Khisa anataka zawadi gani, aliomba sahihi moja. Walicheka sana, wakamnunulia saa ya ukutani. Jana asubuhi ikaletwa zawadi nyingine kutoka kwa marafiki wa taasisi, wenye mahema: bale ya unga, yaani furushi zima la pakiti, iliyofungwa utepe mwekundu. Mzee aliwashukuru kwa mikono miwili. Kisha akaketi mezani pake kwa mara ya mwisho, akachukua kibandiko na kalamu ya buluu, akaiandika bale namba, akaiingiza kwenye daftari. Utepe hakuutoa, bambo lilipita kando yake. Matokeo yako ukurasa wa nyuma.

Ndiyo, ukurasa wa nyuma. Kazi ya kuchapisha programu hii mliyoishika nilipewa mimi, nikaipeleka Thika mwenyewe, nikaisimamia hadi nakala ya mwisho. Mahali palipopangiwa wimbo wa kufunga kuna cheti cha magunia ya Kiandutu, na chini yake bale ya jana, iliyopata nane. Nane inaruhusiwa. Naisema wazi ili asiwepo wa kudai tunaionea kampuni, na ili ijulikane kwamba inajua kusaga unga safi inapotaka. Wimbo tutauimba bila kusoma, sote tunaujua.

Kuanzia Jumatatu kiti cha mkuu wa sampuli ni changu. Nimeshaelezwa kwa upole kwamba mkuu mpya ana nafasi ya kuanza upya. Nimeanza upya. Nilichota akiba ya unga wa Kiandutu iliyo kwenye friza, nikapima wiki hii peke yangu, kwa kemikali mpya, polepole sana. Thelathini na nane. Sahihi yangu nimeiweka chini ya ile ya Mzee.

Mzee Khisa, tulikucheka ukiwa na viazi, tukakucheka ukiwa na bambo, na umetuacha na maini mazima ya kuendelea kukucheka. Asante. Asante kwa kila gunia la chini ulilolifikia. Nenda ukapumzike Kiganjo, na ukichoka nenda Bungoma ukalime mahindi, uyakaushe unavyotaka bila mtu kukuambia urudie. Wajukuu wakufurahishe, wakwe wakuletee sabuni hadi ukose pa kuiweka, na kila chakula kitakachokaa mbele yako kikukute huna shaka nacho.

Daktari Githae, kwa mujibu wa programu sasa ni zamu yako. Cheti halisi kiko mezani kando ya keki, na kalamu ya buluu ya Mzee iko juu yake. Mwalimu Wilkister nimemtengea kiti nyuma yako, mstari wa pili. Kamati yake ya wazazi inakaa leo saa kumi.

Mitchell Akoth
Idara ya Sampuli