Mzee Kando na Mteremko wa Nyumbani Kwake

Baada ya miaka thelathini na miwili kazini, msimamizi wa kikosi chetu cha nanga za ardhini anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Wengi hapa hawalijui hata jina lake halisi. Ni Mzee Kando, basi.

Jina lilitokana na jeki. Nanga zetu ni nyaya za chuma zinazopitishwa kwenye tundu refu hadi ndani ya mwamba, zikashikwa huko na uji wa saruji. Ukishakauka, jeki huzivuta zikaze, ili udongo usiusukume ukuta unaouzuia. Waya ukikatika hapo, hauna adabu. Kwa hiyo hakuruhusu kiumbe kusimama mbele ya jeki. Siku moja alipopiga kelele “Kando!”, mkurugenzi aliruka na suti yake, akatua kwenye dimbwi la saruji. Tulijificha nyuma ya mashine tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kuta zake zimesimama. Lile shimo refu la msingi lililochimbwa kando ya shule alilishikilia masika mazima bila ufa, na kikosi chake hakijawahi kuzika mtu.

Ningependa kuishia hapo, ila nyote mnajua yaliyompata. Nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, mteremkoni, imepasuka tangu mvua zilizopita. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, alikataa katakata kuhama. Wanawe wote kawalea humo. Mwezi uliopita tukabeba mashine tukaenda kuwawekea nanga. Tulitoboa mpaka vyuma vya kutobolea vikatuishia, mwamba hatukuuona. Nanga ya majaribio ilipovutwa ilichomoka kama mche kwenye tope.

Jamani, iliuma. Tulimsihi Mzee amwambie Mama kwamba nyumba itashika miaka miwili mitatu, angalau apate usingizi. Akatutazama kama watu tusiomjua. Aliingia jikoni, akamwambia mkewe kwamba nyumba haishikiki na hawatalala humo tena. Mama alizima jiko, akaanza kushusha mapazia.

Mzee Kando, asante kwa kuturudisha kila jioni kwenye nyumba zetu tukiwa wazima. Wewe na Mama, tunawaombea mpate kwenu kwingine, penye ardhi iliyotulia, mzeeke hapo pamoja.