Mwalimu Nthenya na Ndege wa Kwa Syengo

Mchungaji, wazee, walimu wenzake na marehemu, majirani wa hapa Sultan Hamud, na ninyi mliotoka Makindu na Mwingi tangu alfajiri, familia ya hayati mzee Nzioka Mulei imenituma mimi Mutiso, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, na imeniagiza nisome yote, pamoja na yale ambayo kwenye matanga huwa yanarukwa.

Nthenya Nzioka alizaliwa tarehe 14 Machi 1942, hapa hapa Sultan Hamud, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili wa mzee Nzioka, aliyekuwa akitengeneza njia ya gari la moshi, na mama Kalekye, aliyewauzia abiria ndizi na mayai ya kuchemsha kupitia madirisha ya gari hilo. Alisoma shule ya msingi na ya kati hapa nyumbani hadi mwaka wa 1959, akaingia chuo cha walimu Januari 1960, akatoka Desemba 1961 na cheti cha ualimu cha P3, na baba, ambaye hakujua kusoma, alikibandika cheti hicho ukutani juu chini, na Nthenya akakiacha hivyo hivyo kwa muda mrefu ili asimwaibishe.

Januari 1962 alipelekwa kufundisha kule Mwingi, akapanga chumba kwa mfanyabiashara Msomali wa mifugo aitwaye Mursal, na mke wake Arbaco, ambaye tunaye hapa leo, akawa kama dada yake. Vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga, vilipoanza kaskazini, walimu wenzake walimshauri ahame kwenye nyumba ya Wasomali kabla watu hawajaanza kumsema, naye akawajibu kwamba wakati alipougua malaria ni Arbaco aliyemlisha uji kwa kijiko, kwa hiyo wanaotaka kusema waseme, na hakuhama mpaka siku ya kuolewa.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1965, na Daudi Kivuva Mutie wa Kwa Syengo, karibu na Makindu, karani wa stesheni, mwanamume mtaratibu na mwenye sauti nzuri ya kuimba, na Mungu akawapa watoto watatu, Mutie aliyezaliwa 1967, Kasyoka aliyezaliwa 1969 na kupewa jina la nyanyake kama desturi yetu ilivyo, na Kisilu aliyezaliwa 1973. Mama mkwe wake alimpenda mno, na akina mama wa Kwa Syengo watakumbuka alivyokuwa akiwaambia wenzake kisimani kwamba yeye hakuletewa mkaza mwana, aliletewa binti.

Sasa wale msioifahamu Kwa Syengo, hicho ni kinamasi kinacholishwa na chemchemi zinazotoka chini ya vilima vya Chyulu, na nchi nzima ile inapokuwa vumbi, pale tu ndipo panapobaki kijani, mafunjo na matete yakimpita mtu kimo, na ndege wa maji wa kila aina. Nthenya alikulia kando ya reli na kufundisha kwenye ukame wa Mwingi, hakuwa ameona kitu kama hicho, na asubuhi ya kwanza baada ya harusi alisimama pembeni ya maji hadi chai ikapoa, akiwatazama korongo wa taji wakicheza wawili wawili. Alipohamishiwa shule ya hapo mwaka wa 1966 alianza kuwapeleka wanafunzi kinamasini kila Jumamosi, akawafundisha kumtofautisha yangeyange na kulastara, mnandi na bata, na watu walicheka kwamba mwalimu anafundisha kutazama kitoweo bila kukila. Mwaka wa 1971 wapenda ndege kutoka Nairobi walisikia habari zake, wakaja, wakampa darubini, na kuanzia siku hiyo mtu angemtafuta sokoni asimpate, wala kanisani baada ya ibada, lakini kwenye matete angempata.

Wageni hao ndio waliolishawishi baraza la wilaya kwamba pale patengwe kwa uzio pawe hifadhi ya ndege, na baraza la wananchi likaitishwa tarehe 9 Novemba 1974. Wananchi walikataa. Walisema kinamasi ni cha mihogo yao na miwa yao, na zaidi ya yote ni cha ng'ombe wakati wa yua, yaani kiangazi kile cha kuua, na maofisa walizungumza wakachoka, ndipo wakamwomba mwalimu aseme na watu wake kwa Kikamba. Nthenya alisimama na mimba ya mtoto wa nne, ambayo baadaye ilitoka, akawaeleza kwamba uzio ni wa kulinda maji pamoja na ndege, kwamba chemchemi zikikanyagwa kila siku zitakufa, kisha akasema maneno ambayo Kwa Syengo hawajayasahau hadi leo.

"Mimi nimeolewa hapa. Yua ikiingia, lango litafunguliwa na ng'ombe watakunywa. Msipofunguliwa, nishikeni mimi."

Maofisa waliokaa nyuma ya meza walitikisa vichwa kukubali, na mama mkwe wake akawa wa kwanza kuinua mkono, akitoa shamba lake la mihogo, na baada yake mikono yote ikainuka.

Uzio wa seng'enge ulikamilika mwaka wa 1975, ikafuata njia ya mbao juu ya maji, na mnara wa kutazamia ndege, na mwaka wa 1976 Nthenya aliacha kazi ya serikali, pamoja na pensheni yake, akawa mwelekezi wa wageni wa hifadhi. Hatuwezi kusema uongo mbele ya mwili wake, miaka ile minane ilikuwa ya furaha, korongo waliongezeka, wageni walitoka nchi za mbali, na alipokuja hapa nyumbani Krismasi alikuwa akieleza habari za kiota kimoja tangu tunachinja mbuzi mpaka tunamaliza supu.

Kisha ukaja mwaka wa 1984, na kila mtu mzima hapa anajua mwaka huo ulikuwa nini Ukambani. Mvua za Aprili hazikunyesha, kufikia Julai visima vilikuwa matope, na watu wa Kwa Syengo wakaanza kuja langoni, kwa heshima, wakimwuliza mwalimu ni lini. Nthenya alikwenda kwa msimamizi wa hifadhi, akaambiwa korongo wanaatamia na amri ya kufungua lazima itoke juu, akapanda basi hadi makao ya wilaya, akaambiwa barua iko njiani, akarudi tena, akaambiwa iko njiani. Aliamini, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, mtu aliyetikisa kichwa mbele ya watu kwake alikuwa ameapa, na tena, tuseme ukweli, aliamini kwa sababu viota alivijua kimoja kimoja na hakutaka vikanyagwe.

Alhamisi, tarehe 6 Septemba 1984, mchana, mama mkwe wake alifika langoni akiswaga ng'ombe wawili waliobaki katika boma zima, wakitembea kwa kuegemeana, na watu wengi walikuwa wameketi hapo kando ya uzio na mifugo yao. Nthenya alikuwa ndani, amevaa sare, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake.

"Nthenya," mama mkwe alimwambia, "sikuja kwa hifadhi. Nimekuja kwa mke wa mwanangu. Fungua."

Nthenya akamwambia, "Mwaitu, mama yangu, ningoje hadi kesho. Barua inafika kesho."

Yule mama alikaa na ng'ombe wake hapo mpaka jioni, wakinusa harufu ya maji kupitia seng'enge, kisha akawageuza, mmoja akaangukia njiani, na wa pili akafa bomani kabla ya kupambazuka. Kulipokucha barua haikuwa imefika, na haijafika hadi leo, na habari za ng'ombe hao zilipomfikia Nthenya alichukua ufunguo, akalifungua lango lote mbawa mbili, akasimama kando. Mifugo ya vijiji vinne iliingia kwa fujo ya kiu, ikakanyaga viota na mayai na makinda, naye aliyatazama yote hayo bila kuondoka, na korongo walizunguka juu wakilia hadi adhuhuri, kisha wakaenda zao. Wiki hiyo hiyo alifutwa kazi kwa kuharibu hifadhi, akavuliwa sare mbele ya wageni, na akakatazwa kukanyaga ndani ya uzio maisha yake yote.

Mtu angedhani basi wananchi walimpokea kama wao, kwa kuwa alikuwa amewafungulia, lakini haikuwa hivyo. Walihesabu walichopoteza kabla ya lango kufunguliwa, wala si walichookoa baadaye, na mama mkwe wake, tangu siku ile hadi alipofariki tarehe 2 Februari 1989, hakula tena chakula kilichopikwa na mkono wa Nthenya. Alimsalimia, alimjibu, lakini sahani aliisukuma kando. Kivuva hakumfukuza mkewe, hilo tunalisema kwa haki, alichofanya ni kuomba uhamisho hadi Mombasa mwaka wa 1986, na mwaka uliofuata akaoa mke mwingine huko, na Nthenya alipomwandikia kumwuliza, akamjibu kupitia kwa watoto, "Mwambieni mama yenu mimi pia nilingoja barua."

Mwaka wa 1988 Nthenya alirudi hapa kwa baba, akafundisha shule ya chekechea ya kanisa, na wengi wa watoto waliobeba maua mbele ya jeneza leo walishikwa mkono naye walipoandika herufi ya kwanza. Jumamosi alikuwa akipanda gari hadi Makindu, anatembea mpaka Kwa Syengo, anasimama nje ya seng'enge na ile darubini, anatazama ndege kutoka barabarani, na walinzi waliokuwa wanafunzi wake wanageuka wasimwone, ili wasilazimike kumfukuza.

Halafu, mwezi wa Mei 1993, baraza lile lile lililosema korongo hawawezi kusumbuliwa hata kwa siku moja likampa tajiri mmoja kinamasi chote alime mboga za kupeleka ng'ambo, na matrekta yakaingia kuchimba mitaro ya kukausha maji. Nthenya alikwenda nyumba kwa nyumba Kwa Syengo akiwaomba watu wasimame naye, akiwaambia mitaro hiyo itaua chemchemi, na nyumba nyingi hazikumfungulia. Mzee mmoja, ambaye hatutamtaja na ambaye yupo hapa, alimwambia, "Mwalimu, sisi tulishafungiwa nje. Kilicho ndani kina wenyewe." Na Nthenya alijua ni nani aliyewashawishi wafungiwe.

Basi alikwenda peke yake, tarehe 17 Juni 1993, akaketi kwenye udongo mbele ya trekta la kwanza, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja na mwavuli wake, dereva akazima injini kwa heshima, na wapenda ndege wa Nairobi, walioahidi kuja na watu wa magazeti, hawakutokea. Polisi walimwinua wakampeleka kituoni, akakaa huko siku tatu, na aliyekuja kumtoa hakuwa mume, wala sisi ndugu zake, tuliokuwa tukiogopa, alikuwa Arbaco, aliyesafiri kutoka Mwingi kwa lori la mbuzi. Kufikia mwisho wa 1994 kinamasi kilikuwa kimekwisha, mboga zilivunwa misimu miwili, maji yakapotea ardhini, tajiri akaondoka, na leo akina mama wa Kwa Syengo wanateka maji kule Makindu kwa punda.

Marehemu alianza kuugua Agosti 1994, kwanza shinikizo la damu, kisha figo, akalazwa mara kadhaa, na tarehe 11 Juni 1996, saa tisa alasiri, akatutoka, binti yake Kasyoka akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Siku moja kabla ya hapo Kasyoka alimwuliza kama ana neno la kuwaachia watu wa Kwa Syengo, akasema, "Siku ile langoni hawakuwa na haraka ya bure. Waambie nilijua." Na Kasyoka ameomba neno hilo lisomwe lilivyo.

Tunamzika hapa kwa baba yake kwa sababu ukoo wa Mutie, ulipoulizwa na wanawe, ulisema hakuna nafasi. Wanawe walimaliza kubishana, na sisi tumemaliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na yule muuguzi wa zamu aliyemletea blanketi lake mwenyewe kutoka nyumbani. Tunawashukuru walimu wa chekechea, kanisa, majirani waliopika na kulala hapa nasi, na mama Arbaco, ambaye ameketi upande wa familia kwa sababu hapo ndipo mahali pake. Tunawashukuru na ninyi wa Kwa Syengo mlioketi pale nyuma, mmekuja, hilo tumeliona, na chakula ni cha wote. Wapenda ndege wametuma shada la maua, limewekwa. Baraza la wilaya limetuma mjumbe ambaye ameomba dakika chache aeleze mchango wa marehemu katika uhifadhi, na familia imekaa ikaamua kwamba mjumbe atakula nasi, lakini hatasema.

Nthenya, dada yetu, ulichoka tukiwa tunatazama. Sasa pumzika kwa amani.