Siku Niliyouza Mwalimu Akisema Nisiuze

Wanakikundi wenzangu, mimi si mtu wa hapa Naipingo, lafudhi yangu mnaisikia. Nilitoka Kyela nikiwa kijana, nikapita Tunduma, nikabeba magunia ya mahindi Songea, nikavuka Tunduru juu ya lori barabara ikiwa bado vumbi, nikakaa Masasi, kisha nikaangukia Ruangwa. Kila nilipofika nilikumbuka nilikotoka. Ndiyo maana mzee mmoja wa Nandagala, huko huko Ruangwa, aliponiambia anauza shamba lake la mikorosho, na kwamba atanisubiri mpaka msimu uishe, nilimwambia mke wangu, "Mama Neema, hapa ndipo nitakapoacha kutembea."

Hela haikutosha. Nilikuwa na ya ufuta tu. Akatokea mtu, jina silitaji. Mama pale nyuma, cheka tu, simtaji! Tulimwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki. Alitufundisha sarafu za mtandaoni kwenye kundi la simu. Nikanunua. Ndugu zangu, ikapanda! Ikafika mahali ambapo ningeuza asubuhi, jioni shamba lingekuwa langu. Nikamuuliza.

"Kaka, acha woga," akasema. "Wanaouza sasa watalia."

Nikasubiri. Bei ya kuingia niliijua. Ya kutokea sikuwahi kuifikiria.

Ikaanza kushuka. Nikafanya kama tunavyofanya kwenye mnada wa korosho: nimekataa bei, nangoja mnada ujao. Nawaambieni, nilikaa na simu nikikataa bei peke yangu kama kichaa! Korosho ukizikatalia bei zinabaki ghalani, na wenzako wamekataa pamoja nawe. Ile sarafu haikuwa na habari kama nimekataa. Ikashuka tu.

Msimu ukaisha, nikasikia shamba la Nandagala limeuzwa. Aliyenunua? Mwalimu. Wakati anatuambia tusiuze, yeye alikuwa anauza.

Mwenyekiti ananikonyeza niseme nimesamehe. Mwenyekiti, kwa heshima yako, sijasamehe. Hasira ile ndiyo iliyoniinua kitandani. Nilikuwa nikipita na kuona mikorosho yake imechanua, nasema moyoni: ngoja wewe.

Vijisarafu vilivyobaki sikuvigusa. Mama Neema akasema, "Safari hii tamka kabla. Nisikie mimi." Nikatamka: ikifika hapa nauza nusu, ikifika pale namaliza, na ikianguka mpaka hapa nauza hata ikiniuma. Namba ya siri tukawa nayo wote wawili.

Ilichukua muda mrefu. Nusu nilikuwa nimeshauza. Bei yangu ya mwisho ilipofika, nilitamani kungoja, maana bado ilikuwa inapanda. Mwalimu akaandika kwenye kundi: "Anayeuza leo ni mjinga." Mama Neema akanisomea kwa sauti, akanikazia macho.

"Unauza, huuzi?"

Nikauza. Nikaandika: "Mjinga nimeuza." Wakanicheka wiki nzima.

Kisha ikaporomoka. Mwalimu safari hii alikuwa ameyaamini maneno yake mwenyewe, akaliweka shamba rehani ili anunue zaidi. Shamba likaenda. Nisiwadanganye, nilifurahi. Nilikula wali siku ile kama sikukuu.

Namshukuru mke wangu. Nawashukuru ninyi mlionipokea na kunionyesha shamba hapa kwenu, ambalo sasa ni langu. Sikuja kumwambia mtu anunue sarafu. Ila anayetaka kuingia, atamke kwanza, mbele ya mtu asiyemwogopa, atatoka kwa bei gani ikipanda na kwa bei gani ikishuka. Na ada ya mtoto asiiguse.

Siku tunahama Ruangwa, kirikuu kimeshapakiwa magodoro, Mwalimu akaja kwa miguu, pikipiki yake hakuna tena. Sauti ilikuwa imemshuka.

"Kaka, niambie tu. Ulijuaje kwamba siku ile ndiyo ya kuuza?"

Majirani walikuwa wamesimama, wanasikia. Sikuwa na haraka.

"Mimi najua nini?" nikamwambia. "Mwalimu si wewe?"

Nikapanda kando ya Mama Neema, nikamwambia dereva aondoe gari. Ruangwa sijarudi.