Kitufe cha Mzee Sindano

Benchi letu liko mbele ya saluni yangu ya kunyolea, ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na kila mtu ana mahali pake. Mwisho wa kulia hukaa Gia Tano, dereva mstaafu wa lori, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Katikati hukaa Karani, aliyekaa ofisini miaka thelathini na mpaka leo haamini kitu kisicho na muhuri. Kushoto, karibu na birika la kahawa, ni Mzee Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili. Mimi husimama mlangoni na mkasi mkononi, niwe na mteja nisiwe naye. Asubuhi hiyo sikuwa naye, na hata ningekuwa naye angesubiri, maana Mzee Sindano alikuwa anakwenda kubonyeza kitufe.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Alipasua gauni la mteja kwapani, akalifungia kabatini kwa aibu, na tangu siku hiyo hakushika tena mkasi. Kliniki ya mishipa ya fahamu haimpokei mtu mpaka achukue miadi kwenye ukurasa wake wa mtandao. Mzee alichukua miadi mara tatu, akavaa koti mara tatu, na mara tatu akaambiwa dirishani kwamba jina lake halipo. Sisi tulimcheka. Tulisema mzee simu imemshinda, na leo nalisema hilo kwa haya.

Binti yake ndiye aliyegundua. Yeye kazi yake ni kutengeneza kurasa za mtandao, na alikaa kando ya baba yake akamtazama kidole. Kile kidole kilikuwa kinagonga mara mbili. Mguso wa kwanza ulimwandikisha. Papo hapo kitufe kiligeuka kuwa cha kufuta miadi, na mguso wa pili ukamfuta. Mzee wa watu alikuwa akijifuta kwa mkono uleule aliotaka utibiwe.

Sasa binti alikuwa amesimama mbele yetu na simu, akitueleza kwamba hitilafu ameirekebisha, kitufe kikishaguswa kinapumzika kidogo na hakisikii mguso wa pili, na tangu jana kliniki imeupokea urekebisho huo.

— Kwani wewe umeajiriwa kliniki? akauliza Karani.

— Hapana, baba. Na hicho kitufe hawakukitengeneza wao.

Akatueleza kwa mambo ya cherehani, ili baba yake asiachwe nyuma. Kuna ghala moja huko mtandaoni, limejaa vipande vilivyokwisha kutengenezwa: vitufe, visanduku vya kuandikia jina, kalenda za kuchagulia siku. Ni sawa na fundi akute kola na mifuko imeshakatwa vizuri, achukue ashone. Anayetaka anachukua bure. Na anayeona kola imekaa vibaya anaruhusiwa kuitengeneza na kuirudisha ghalani, na wote walioichukua watapata iliyo bora.

Gia Tano akashusha kikombe. Alisema ameshaelewa: kitufe ni kimoja tu, kikubwa, kimefungiwa kwenye jumba fulani, na kliniki zote zimekivutia waya.

— Sivyo, baba mkubwa. Kila ukurasa una nakala yake.

— Ndiyo hivyo hivyo nilivyosema.

Karani yeye alitaka kujua nani kasaini. Haiwezekani binti wa mtaani abadilishe kitufe cha kliniki bila barua. Hapo binti akacheka, akasema barua ilikuwepo, tena ilirudishwa mara nne. Walinzi wa ghala ni watu asiowajua, waliotawanyika huku na huko. Wa kwanza alimwambia athibitishe kwamba kitufe kikibonyezwa mara mbili kweli kitasikia mara moja. Wa pili alimwambia jina aliloupa urekebisho halieleweki. Wa tatu alipima nafasi iliyopungua pembeni mwa kitufe, upana wa nywele mbili tu, akamrudishia.

— Na wa nne?

Binti akaishusha simu.

— Wa nne aliniuliza: asiyeona, atajuaje kwamba kitufe kimepumzika? Mimi nilikuwa nimekififisha rangi tu. Nilimfikiria baba, sikumfikiria kipofu. Nikarudi nikakifundisha kitamke, kiseme kwa sauti kwamba subiri.

Karani, ambaye katika miaka thelathini alirudisha barua za watu kwa sababu ya koma, alitazama viatu vyake.

— Mimi sikuwahi kumrudishia mtu barua kwa ajili ya mtu mwingine, akasema.

Gia Tano hawezi kukaa bila kuongea. Akasema basi ule mkono wa Mzee Sindano sasa umo ndani ya mashine, mashine zimeujifunza, na madereva wa lori aliowaacha mipakani huko, wenye mikono iliyochoka usukani, wanabonyeza saa hii na kitufe kinawavumilia. Nilijiandaa kumcheka. Nikamtazama binti nione atamkosoaje, naye hakumkosoa.

— Hilo la madereva ni kweli, baba mkubwa. Jana nimeangalia, kurasa zinazotumia kitufe kile ni zaidi ya elfu kumi.

Elfu kumi, na chanzo chake ni kidole hiki hapa kilichoshika kikombe cha kahawa kikimwaga nusu.

Mzee Sindano aliweka kikombe chini. Akaipokea simu, akaiweka gotini. Tukaona jina lake limeandikwa, na chini yake kitufe cha kuthibitisha. Kidole kikaenda, kikagonga, kikagonga tena. Tulisikia kabisa zile sauti mbili juu ya kioo. Kitufe kikafifia. Simu ikatamka kwa utulivu: tafadhali subiri.

Tukasubiri. Hakuna aliyekunywa.

Kisha yakatokea maandishi, na Karani akayasoma kwa sauti ya ofisini, polepole, kama anasoma hati: jina kamili, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Akayarudia. Binti alijifuta macho bila kuficha.

— Limebaki? akauliza Mzee Sindano.

— Limebaki, baba.

Wakati tunampongeza, akaja mama mmoja akiwa na mkoba begani. Ni yule mwenye gauni, kaja kuuliza la kwake. Mzee akataka kuinuka kumwomba radhi, lakini maneno yakamponyoka kwa furaha, akajikuta anamweleza habari nzima ya kitufe, tangu gauni kupasuka hadi Alhamisi. Yule mama alisikiliza bila kuketi. Akainama, akautazama ule ukurasa kwenye simu: kisanduku cha jina chenye herufi kubwa, kalenda yenye mishale minene, maandishi mekundu yenye alama pembeni kwa asiyezitofautisha rangi.

— Hiki kitufe ni cha baba yako, akamwambia binti. Na hivi vingine, ni vya baba wa nani?

Binti akavitazama upya. Alivikuta hivyo, akavitumia miaka yote hiyo, na hakuwahi kujiuliza. Karani hakuwa na faili la jambo hilo. Gia Tano, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alisema hajui.

Mzee Sindano akaiinua simu kutoka gotini, akaishika kwa mikono yote miwili, akaanza kukifuta kioo kwa pindo la shati lake, taratibu, asije akagusa chochote.