Jana Wote Tulisema Tumeelewa

Nauza kahawa kwenye benchi lililo mbele ya kinu cha kusaga, mtoto nikiwa nimembeba mgongoni. Jana palikuwa na mkutano. Bwana mmoja kutoka ofisini alitueleza kwamba mwaka huu ushirika hautakuja kuchukua mahindi, kwa kuwa sasa ni soko huria. Mwishoni akauliza, "Tumeelewa?" Wote tukajibu, "Tumeelewa!" Mzee Eustace peke yake alinyoosha mkono, akasema yeye hajaelewa. Ana gunia arobaini nje, chini ya turubai lililotoboka, na mawingu yameanza kukaa juu ya Ufipa. Leo asubuhi benchi zima lilikuwa linamcheka.

— Shikamoo, mzee usiyeelewa, alianza Polikarp, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimwi.

— Marahaba. Mimi angalau nilisema.

— Ulitutia aibu, mzee. Mkutano ukiulizwa "tumeelewa", unajibu "tumeelewa", watu wanakwenda kula. Ndiyo maana yake. Hata shuleni, aliyesema hajaelewa alibaki anafuta ubao.

Marselino, anayeuza dagaa wa Kirando, akatikisa kichwa.

— Redio, hilo neno ni la kwetu ziwani. Limetoka kwenye kuelea. Jambo likielea, unaliona. Likizama, basi tena.

— Kwa hiyo samaki hawaelewi kitu?

— Aliyekufa anaelewa. Si anaelea?

— Basi mimi bado mzima, alisema Mzee Eustace.

— Mzee, zamani kanisani tuliimba Kilatini, Redio akaendelea. Nani alielewa? Na mvua ilinyesha vizuri tu! Soko huria ni mgeni. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nini, na fukusi wanakula mahindi?

— Unaona? Hata fukusi wameelewa. Wao hawakungoja ushirika!

Benchi likacheka. Mzee Eustace alikuwa anatazama juu.

Hapo akafika Bundala, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake. Mkutanoni hakuwapo. Alisimamisha mkokoteni, akavua kofia.

— Shikamooni. Mzee Eustace, natoka kwako. Mama amesema nipakie gunia zote kabla mvua haijashuka.

— Vema, Bundala. Ahsante.

— Sasa nizipeleke wapi?

Mzee Eustace aliwageukia wenzake, bila ubaya wowote, kama mtu anayeomba kuelekezwa njia. Marselino akachungulia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu.

— Wazee wangu, Bundala akasema, si mlikuwa mkutanoni?

Redio alijisogeza kwenye benchi mpaka bega lake likagusana na la Mzee Eustace. Sikuwahi kumsikia akiongea taratibu namna ile.

— Mzee wangu, hata mimi ninazo gunia kumi na nane. Nimezipanga chumba cha watoto. Watoto wanalala jikoni.