Mamat na Mtungi wa Marehemu Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mamat Allal, mfinyanzi wa milima yetu ya Rif. Mamat ametutoka Jumatatu. Ndiye yule Mamat wa ulimi mkali na mitungi myepesi.

Kwetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Mama humrithisha binti. Mamat alijaliwa wana wa kiume watupu, na ndoo za plastiki zilikwisha kuingia kila nyumba. Alijua ufundi huu utazikwa naye. Jambo hilo lilimkosesha raha.

Ndipo mwanawe Mimun akamwoa Luiza, msichana wa mjini Nador. Luiza akaomba kufundishwa. Mamat akaangua kicheko.

"Wewe? Mikono hiyo si ya kubonyeza simu tu?"

"Basi mama, niache leo nibonyeze udongo."

Mitungi ya kwanza ya Luiza ilipasuka motoni. Ya pili nayo ikapasuka. Wasikilizaji, udongo wa kwetu hauvumilii moto mpaka uchanganywe na unga wa vigae vya vyombo vya zamani. Narudia: mtungi mpya hudai mtungi wa zamani. Na vigae kijijini vilikuwa vimekwisha; vya mitungi iliyopasuka havikuiva, havifai. Nani asage plastiki?

Nyumbani kwa Mamat ulibaki mtungi mmoja, wa marehemu mama yake. Ole wako uuguse! Asubuhi moja Mamat aliutoa uani, akaubusu, akaubwaga juu ya jiwe.

Mimun akatoka mbio. "Mama! Umepatwa na nini? Mtungi wa bibi!"

"Punguza kelele. Bibi yako naye aliuvunja wa mama yake ndipo akaufinyanga huu. Ulidhani vigae alivitoa wapi?" Akamgeukia Luiza. "Na wewe unalia nini? Shika jiwe, usage."

Luiza anasema walisaga huku wote wawili wakitokwa machozi. Safari hii mitungi ilitoka motoni mizima. Mamat akaigonga kwa kidole, mmoja mmoja, akasikiliza. Kisha akasema, "Sasa nina binti."

Mimun, Luiza na ukoo mzima, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu Mamat. Nasi wengine tujiulize: vile tunavyovifungia kabatini, tunamtunzia nani?

Msibani tulikunywa maji ya mitungi hiyo. Nilimwuliza Luiza, aliyempakata bintiye mchanga, ni mtungi upi atauhifadhi uwe ukumbusho wa mama mkwe wake. Akanishangaa.

"Niuhifadhi? Na huyu akianza kufinyanga, atasaga nini?"