Cheti cha Ng'ambo ya Mpaka

Kila asubuhi karani wa hoteli husinzia basini mpaka kituo cha mwisho. Leo mpishi aliyeketi mbele yake alimkurupusha kwa ukali wa sauti.

“Miaka kumi na miwili jikoni, mama, halafu hoteli inaniandikia barua kwamba cheti cha ng'ambo ya mpaka si kitu! Nirudi darasani, na mwalimu mwenyewe nilimfundisha mimi kushika kisu!”

“Si nchi zetu zimekubaliana kutambua vyeti?” aliuliza mama jirani yake.

“Zimekubaliana, ila hotelini habari haijafika. Labda inakuja kwa miguu!”

Mama akacheka. Karani hakucheka, kwa kuwa barua ile ya hoteli yake aliiandika yeye. Basi liliposimama, alimgusa mpishi begani.

“Kaka, cheti chako sikukisoma. Niliona jina la nchi tu, nikakukataa.”